Ukifika Rusinga, Tazama na Chini

Wageni wengi wanaoingia Rusinga hukipa kisiwa nusu siku tu. Huvuka daraja la Mbita, hupiga picha ziwa likiwa nyuma yao, hula ngege ufuoni, hufika kwenye kaburi la Tom Mboya kule Kasawanga, kisha hugeuza gari wapate kuifikia Homa Bay kabla giza halijaingia. Sioni ajabu. Ziwa Victoria, au Nam Lolwe kwa wenyeji, likitulia asubuhi, Mfangano ikionekana ya samawati upande wa magharibi na furukombe akiita juu ya mti, macho hayaombi zaidi.

Ila kwa sisi ambao kazi yetu ni miamba, maji hayo yanayosifiwa ndiyo kitu kipya kuliko vyote pale. Ziwa ni la juzi. Chini ya nyayo za mgeni umelala msitu, na juu ya msitu huo imelala mbuga ya nyasi, na vyote viwili ni vya kale kuliko maji tunayoyaona leo. Nataka kumpitisha msomaji humo, ili safari yake ijayo ichukue walau siku mbili.

Tuanzie darajani. Kati ya Mbita na Rusinga kuna mlango mwembamba wa maji. Upande mmoja iko Ghuba ya Winam, ndefu na yenye kina kifupi, inayopokea mito kama Nyando na Sondu pamoja na maji machafu ya miji. Upande wa pili liko ziwa lenyewe. Miaka ya 1980 mlango huo ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yapite. Watu wa kisiwani walilihitaji tuta lile: mgonjwa hakulazimika tena kungoja mtumbwi usiku. Lakini maji yaliyozoea kupishana kati ya ghuba na ziwa yalikosa njia hiyo, yakabakiwa na mlango wa kaskazini tu, kati ya Rusinga na rasi ya Uyoma. Kando ya tuta maji yalidumaa, magugu maji yakapata pa kukaa. Ilikuwa katika muongo wa 2010 ndipo daraja lilipojengwa na mkondo ukafunguliwa tena.

Kisa hiki kina pacha wake mbali sana na hapa. Xiamen, mji wa bandari kusini mwa China, nao umejengwa juu ya kisiwa, katika hali ya hewa ya joto na unyevu. Mwaka 1955 Wachina walimaliza tuta la kuiunganisha Xiamen na bara. Bahari ikazibwa, tope likajaa, na baada ya miongo kadhaa sehemu ya tuta ikafunguliwa ili maji yapite. Kwa hiyo unaposimama juu ya daraja la Mbita, usipite haraka. Tazama maji ya chini yanaelekea wapi. Nyakati nyingine yanaingia ghubani, nyakati nyingine yanatoka, kwa kufuata upepo na kimo cha ziwa. Ghuba inapumulia hapo.

Sasa tupande kisiwani. Miaka milioni 18 hivi iliyopita, mahali hapa palikuwa ubavu wa mlima wa volkano tunaouita Kisingiri. Kitovu chake kilikuwa Rangwa, bara, kusini mwa kisiwa. Milima ya Gwasi na Gembe ni masalia yake. Rusinga na Mfangano ni vipande vya ubavu uleule. Kwa kawaida mfupa ukibaki kwenye udongo wenye asidi huoza ukaisha. Lakini Kisingiri ilitapika majivu yenye kaboneti nyingi, yaani yenye asili ya chokaa. Duniani leo volkano hai inayotoa lava ya kaboneti ni moja tu, Ol Doinyo Lengai ya Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron. Majivu ya aina hii yakinyeshewa hushikana upesi kama saruji. Kilichofunikwa humo hakikuliwa na asidi, na madini yaliyoyeyuka yakaingia mahali pa nyama na uboho kabla umbo halijapotea. Ndiyo maana Rusinga haikutoa mifupa peke yake. Imetoa wadudu, viwavi, buibui, matunda na mbegu, vikiwa na unene wao, si alama zilizobanwa kwenye jiwe. Mahali pa namna hiyo ni pachache mno ulimwenguni, na hapa unapafikia kwa bodaboda.

Nenda miteremko ya Hiwegi asubuhi, jua likiwa bado chini, maana mwanga wa pembeni hudhihirisha kila kinachochomoza. Utaona matabaka ya kijivu na ya kahawia iliyopauka, mengine hayazidi unene wa kidole, kila moja likiwa ni mvua ya majivu iliyoanguka kisha ikatulia. Inama bila kugusa. Jiwe la kawaida likivunjika, ndani yake hufanana na nje. Mfupa uliogeuka jiwe una ganda gumu lenye uso laini, na pale ulipovunjika utaona vitundu vingi vidogo, vimejaa madini meupe. Jino ni rahisi zaidi kulitambua: enameli yake hung'aa hata baada ya miaka milioni 18.

Jino ndilo lililomsimamisha mtafiti Mary Leakey kwenye mteremko wa Rusinga mnamo Oktoba 1948. Nyuma ya jino palikuwa na taya, na nyuma ya taya fuvu lenye uso, vikiwa vipande vipande. Hakukuwa na fuvu lingine la sokwe wa kale wa enzi hiyo lililokaribia kukamilika namna ile. Alilipeleka Uingereza kwa ndege akiwa amelipakata, nalo likakaa huko miongo mitatu na zaidi kabla ya kurudi Nairobi. Mnyama huyo aliitwa Proconsul africanus. Mwaka 1993 jina la spishi likabadilishwa likawa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyetafuta mifupa na akina Leakey kwa miaka mingi. Namtaja kwa makusudi. Majina ya waliopata sifa yamejaa vitabuni, ilhali waliotambaa juani wakitafuta, wengi wao watu wa nchi hii, hutajwa kwa nadra. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo Fredrick Manthi na Emma Mbua wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walimweka mnyama huyu katika jenasi mpya, Ekembo, jina lililotoka katika lugha ya Kisuba.

Ekembo alikuwa mnyama wa namna gani? Hakuwa na mkia, na hilo linamweka upande wa sokwe na wa kwetu. Lakini alitembea juu ya matawi kwa miguu minne, mgongo ukiwa umelala, bila mabega ya kuning'inia aliyo nayo sokwe mtu wa leo. Yaani mkia ulitutoka kwanza. Kuning'inia, kusimama na kutembea wima vikaja baadaye sana. Huo ndio uzito wa kisiwa hiki katika habari za asili ya binadamu.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama Ekembo aliishi msituni au kwenye miti iliyotawanyika. Jibu la sehemu moja ya kisiwa lilichapishwa mwaka 2014. Katika tabaka moja la udongo wa kale watafiti walikuta visiki vya miti vikiwa vimesimama mahali vilipoota, mizizi imeenea pande zote, na mifupa ya Ekembo papo hapo. Ukipima umbali kati ya kisiki na kisiki na unene wa vigogo, unapata msitu mnene ambao matawi yake yaligusana juu. Leo mteremko huo una nyasi kavu, miiba na mbuzi.

Ukitoka kwenye msitu huo ukaenda Wakondo, unaruka mamilioni ya miaka kwa mwendo mfupi. Huko matabaka ni machanga zaidi, na yametoa mnyama wa ajabu aitwaye Rusingoryx, ndugu wa nyumbu, aliyetoweka. Mwaka 2016 ilibainika kwamba juu ya pua yake kulikuwa na kuba la mfupa lenye uwazi ndani, umbo ambalo hapo kabla lilijulikana kwa baadhi ya dinosaria tu. Inadhaniwa lilimsaidia kutoa sauti nzito ya kuitana na wenzake. Mifupa ya wengi wao imelala pamoja sehemu moja, pamoja na zana za mawe za watu wa kati ya miaka 60,000 na 70,000 iliyopita. Tabaka za kisiwani za nyakati hizo zimetoa pia choroa na punda milia wa Grevy, ambao leo huwaoni ila uende nchi kavu za kaskazini, Samburu na kwingineko. Makundi ya wanyama wala nyasi hayaishi kisiwani. Basi Rusinga haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima katikati ya mbuga, na wawindaji waliizunguka kwa miguu.

Ziwa nalo limekuja na kuondoka. Kina chake kikubwa ni mita 80 hivi, kifupi kwa ziwa la kilomita za mraba karibu 69,000, na takriban miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita lilikauka. Wakazi wa fukweni wanalijua jambo hili kwa upande wake wa pili: mwaka 2020 maji yalipanda yakameza mashamba, vibanda na sehemu za kuanikia omena, dagaa wa ziwa hili.

Omena wenyewe usiwakose. Huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, na asubuhi wanawake huwatandaza juu ya nyavu kuukuu, wakiwageuza kabla jua halijawa kali. Utasikia Dholuo kila mahali, ingawa wenyeji wa asili ni Abasuba, waliovuka kutoka upande wa Uganda. Kisuba sasa kina wasemaji wachache. Ukipata boti ya kwenda Mfangano, pitia makumbusho ya jamii ya Abasuba na uone michoro ya kale ya mapangoni. Kisha beba chandarua. Kati ya 2012 na 2015 jaribio la kutega mbu kwa mitego ya umeme wa jua lilifanywa Rusinga nzima na watafiti wakiwemo wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, na malaria ikapungua kwa takriban asilimia 30 katika nyumba zilizopata mitego. Ikapungua, haikuisha.

Limebaki moja ninalokusihi. Ukiona mfupa mwambani, uache. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa inaukinga, lakini sababu yangu ni nyingine. Mwaka 1951 mtafiti Tom Whitworth alikuta Rusinga mifupa ya sokwe wa kale ndani ya jiwe la mviringo, lililokuja kufahamika kuwa shina la mti lenye pango lililojaa udongo. Sehemu ya mifupa ilikwenda Nairobi ikidhaniwa ni ya wanyama wengine, ikakaa kwenye droo. Mwaka 1980 watafiti Alan Walker na Martin Pickford walipokuwa wakipekua droo hizo, waliona vipande vya mikono na miguu vyenye alama ya mahali palepale. Wakarudi kisiwani, wakaukuta mwamba ulioachwa, wakatoa mifupa mingine ya mnyama yuleyule. Baada ya takriban miaka 30 kiunzi kiliunganishwa, kwa sababu mtu mmoja aliandika kwenye kila kipande kilitoka wapi.