Katanga 1960: Shaba Ilipojitafutia Serikali

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya Kongo kupata uhuru kutoka Ubelgiji, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza redioni kwamba jimbo hilo limejitenga na sasa ni nchi kamili. Alizungumza akiwa Élisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Sababu aliyoitoa ni vurugu. Askari wa Force Publique, jeshi lililorithiwa kutoka ukoloni, walikuwa wameasi, wazungu walikuwa wakikimbia, na yeye akasema anawaokoa watu wake wasizame pamoja na serikali ya mji mkuu, Léopoldville.

Vurugu zilikuwepo kweli. Lakini zilisambaa sehemu nyingi za nchi, na waliotangaza kujitenga kiangazi kile ni wawili tu: Katanga yenye shaba na, mwezi mmoja baadaye, Kasai Kusini yenye almasi. Kwa hiyo anayetaka kuelewa utiifu wa kisiasa ulisukwaje siku zile aanze na jambo la kawaida kabisa: kodi ya madini ilikuwa ikilipwa wapi, na nani aliyekuwa akiilipa.

Mlipaji mkuu alikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na kuendeshwa kutoka Brussels chini ya mwavuli wa Société Générale de Belgique. Katanga peke yake ilichangia karibu nusu ya mapato ya serikali ya Kongo. Baada ya tangazo la Tshombe, fedha zilizokuwa ziende Léopoldville zikaingia hazina ya Élisabethville. Ndizo zilizounda jeshi la majandarme, zikaajiri mamluki wa kizungu, zikagharimia hata sarafu. Sarafu ya Katanga ya mwaka 1961 ilikuwa na ndizi upande mmoja na, upande wa pili, ule msalaba wa shaba ambao wenyeji waliutumia kama fedha kabla ya ukoloni. Misalaba mitatu ya aina hiyo iliwekwa pia kwenye bendera. Alama za mababu zilipamba serikali iliyokuwa ikilishwa na kampuni ya kigeni.

Ubelgiji haikuitambua rasmi nchi hiyo, wala hakuna taifa lingine lililoitambua. Lakini wanajeshi wa Kibelgiji walikuwa wameshaingia Élisabethville tarehe 10 Julai, siku moja kabla ya tangazo. Na siku chache kabla ya uhuru, Brussels ilikuwa imeivunja Comité Spécial du Katanga, chombo ambacho kingeiachia Kongo huru sauti kubwa katika hisa za Union Minière. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikabidhiwa bendera na bunge; usukani wa mgodi haukukabidhiwa. Naliona hili kuwa zito kuliko hotuba zote za siku ya uhuru, kwa maana mamlaka ya nchi yalikuwa yameshapunguzwa kabla hayajatolewa.

Je, Wakatanga wenyewe walitaka nini? Hapa ndipo tunapaswa kwenda polepole, maana jina hilo lenyewe lilikuwa na wenyewe. Chama cha Conakat kilizaliwa mwaka 1958, baada ya uchaguzi wa mitaa wa 1957 kuwapa wageni, hasa Waluba wa Kasai, nafasi nyingi za uongozi katika mitaa ya Waafrika mjini. Wakasai walikuwa wameletwa migodini na kampuni yenyewe, wakasoma, wakawa makarani na mafundi. Bei ya shaba iliposhuka na kazi zikawa chache, kilio cha "Katanga kwa Wakatanga wa asili" kikapata masikio. Walowezi wa Kibelgiji, kupitia umoja wao wa Ucol, wakajiunga na Conakat. Tshombe mwenyewe alikuwa mwana wa mfanyabiashara tajiri wa Kilunda. Tabaka la wenye mali na vyeo, weusi kwa weupe, lilikutana hapo, kila mmoja akiwa na hesabu yake.

Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani na mkono mkali wa serikali ya Tshombe, alikuwa mjukuu wa Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa na msafara wa Mfalme Leopold mwaka 1891. Msiri alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Ukoo uliofika kwa biashara ya msafara karne ya 19 ulihesabiwa kuwa wa asili, na mchimbaji kutoka Kasai akahesabiwa mgeni.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Desemba 1941, wakati Ubelgiji imekaliwa na Wajerumani na shaba ya Katanga inahitajika kwa vita, wachimbaji wa makabila mbalimbali waligoma pamoja wakidai mishahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa, akiwemo karani Léonard Mpoyi. Umoja wa aina ile ulivunjwa kwa bunduki. Ule wa kabila uliachwa ukue.

Vita vya 1960 vikamalizia kazi. Kaskazini mwa Katanga, Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga kilichoongozwa na Jason Sendwe, kilikataa kujitenga, na majandarme wakapelekwa kuwatuliza watu kwa moto. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa Élisabethville. Mtu ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa mfanyakazi mwenye jirani wa kila namna, sasa ukoo wake ndio ulioamua alale wapi.

Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikomesha yote. Kampuni ikarudi kulipa Léopoldville. Ilipotaifishwa mwaka 1967, kampuni dada yake ilipata mkataba wa kuuza madini yaleyale. Tshombe, aliyeigawa Kongo, alirudi Julai 1964 kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Wenye mali walibadili bendera bila hasara kubwa.

Majandarme hawakuweza. Wengi waliishia Angola, wakapigana upande wa Wareno, kisha upande wa MPLA, wakaivamia Shaba, jina jipya la Katanga, mwaka 1977 na tena 1978 wakitaka kurudi kwao. Mwaka 1997 waliosalia, pamoja na vijana waliokulia uhamishoni, walivuka mpaka kumsaidia Laurent Kabila kumng'oa Rais Mobutu. Kabila huyo alianza siasa akiwa kijana wa Balubakat, upande uleule ambao majandarme wa Tshombe walitumwa kuuteketeza.