Alikiri, Vinasaba Vikakataa

Mwaka 1986, polisi wa Leicestershire, Uingereza, walikuwa na kijana wa miaka 17 mahabusu, naye amekiri kumuua msichana wa miaka 15. Msichana mwingine wa umri huohuo alikuwa ameuawa jirani na hapo mwaka 1983, kwa namna ileile. Kijana alilikubali kosa la 1986, la 1983 akalikana. Polisi, wakiamini yote mawili ni yake, wakabisha hodi Chuo Kikuu cha Leicester, kwa mwanasayansi Alec Jeffreys.

Septemba 10, 1984, Jeffreys alikuwa akitazama filamu ya eksirei yenye vinasaba vya familia ya fundi wake wa maabara, akagundua kuwa kila mtu ana alama yake. Ndani ya vinasaba mna vipande vifupi vinavyojirudia kama kiitikio cha wimbo: chako pengine kinarudiwa mara kumi, cha jirani mara kumi na tano. Ukivipima vingi kwa pamoja, hutokea safu ya mistari kama ile inayosomwa na mashine ya supamaketi kwenye pakiti ya unga. Nusu umeirithi kwa mama, nusu kwa baba.

Jeffreys akalinganisha damu ya kijana na manii yaliyohifadhiwa kutoka mauaji yote mawili. Muuaji alikuwa mmoja, na si huyu. Kijana akaachiwa, ingawa alikiri kwa kinywa chake.

Polisi wakawaomba wanaume wa vijiji vya jirani watoe damu au mate. Zaidi ya 4,000 walitoa; hakuna aliyelingana. Muuaji, mwoka mikate, alikuwa amemtuma mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Siri ikavuja kwenye baa, aliyeisikia akaifikisha polisi. Vinasaba vya mwoka mikate vikalingana, na Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Tanzania, kazi ya kupima vinasaba hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini maabara hupima kile tu kilichoifikia. Manii ya 1983 yangetupwa, nusu ya kesi ile ingekosa jibu. Kwa hiyo likitokea la kutokea, msifagie, msifue nguo, na aliyebakwa asioge kabla ya kufika hospitali. Ushahidi ukishaoshwa, hakuna profesa wa kuurudisha.