Njumu za Vitz

Luku ya ndai huanzia chini. Unaweza osha Vitz mpaka ing'are kama sufuria ya mathe, lakini kama bado iko na zile rim za chuma za 14 na kifuniko cha plastiki kimeshikwa na waya, hiyo ni suti na akala. Ndo maana Sato moja niliishia Grogan na ganji yote ya chama.

Jamaa wa rim alinisoma mapema. "Bosi, hizi ni 16, matundu nne. Vitz ni matundu nne. Itaingia tu." Na hakudanganya, ziliingia. Vitz yangu ya 2008 ni 4x100: nati 4 kwa duara ya milimita 100. Ata Demio, Fit na March za miaka hiyo ni hivyo. Akanidungia na taya 205/55R16 juu yake, nikatoka Kirinyaga Road dirisha chini, mkono nje.

Tuta ya kwanza Jogoo Road: krrrr. Kona: krrrr. Taya ilikuwa inamanga plastiki ya fenda.

Kenye sikuwa nimecheki ni stika ya mlango wa dere. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka: 165/70R14. 165 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya huo upana, ndio urefu wa ukuta wa taya, na 14 ni rim. Piga hesabu, gurudumu zima linasimama milimita 587 hivi. Zangu mpya zilikuwa 632! Hiyo ni karibu asilimia 8 juu. Spidomita ikisoma 80, niko 86, na karao hataki kujua spidomita yako inasema nini. Alafu ka-injini ka 1000cc, kwa mlima kalikuwa kanalia.

Ukipandisha rim, ukuta wa taya lazima ushuke. 185/55R15 inakupea 585, karibu kabisa na ile ya kampuni. 195/45R16 pia haiko mbali, 582, lakini kwa mashimo ya mtaa wetu huo ukuta mwembamba ni wa kupinda rim. 16 kwa Vitz mimi nishaachana nayo.

Wasee hununua rim na uso, na stori yote iko mgongoni: 15x6J, ET40, kitu kama hiyo. ET ndio ofseti. Ikiwa ndogo sana rim inatokea nje ya fenda, ikiwa kubwa sana inaenda kusalimia shock absorber. Vitz hutulia kwa 40 hivi. Cheki pia shimo la katikati. Habu ya Vitz ni 54.1, ya March ni 60.1, so rim ya March itaingia lakini itacheza, na ukigonga 90 stiaring inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kuna ring za kuziba hiyo nafasi, itisha. Nati za March nazo zikatae, uzi wake ni 1.25 na wa Vitz ni 1.5.

Jamaa alidinda kurudisha ganji, lakini akakubali tubadilishane na za 15. Nilizipindua zote nne, tochi ya simu kwa meno, nikisoma mgongo.

"Kwani unanunua ng'ombe?" akaniuliza.