Kufuliza Sukari

Saa moja jioni, Kaptembwa, mjini Nakuru. Duka ni lile la kawaida: dirisha lenye waya, mikate juu, vipaketi vya majani chai vikining'inia kama shanga. Mama aliye mbele yangu ametoka kufulia watu nguo upande wa Milimani. Anataka unga wa kilo 2, robo ya sukari na mafuta ya kupima. Jumla shilingi 280, na kwenye M-Pesa ana 95. Mwenye duka anavuta daftari lililochanika jalada.

"Niandike kwa kitabu?"

"Wacha, nafuliza," anasema mama, kidole kikiwa tayari kwenye simu.

Kadi za mkopo wanazo Wakenya wachache, lakini kazi ya kadi hiyo sasa inafanyika kwenye simu ya shilingi elfu mbili. Fuliza ilizinduliwa na Safaricom Januari 2019 ikishirikiana na benki za CBA na KCB. Ukilipa na salio halitoshi, mfumo unajazia kilichopungua. Pesa yoyote ikiingia, deni linakatwa kwanza. Wazee wetu walisema "fuliza mwendo" wakimaanisha songa mbele usisimame. Aliyelichagua jina hilo alijua Kiswahili, na pengine aliijua tabia ya binadamu zaidi.

Tabia hiyo wahenga waliifupisha kwa maneno manne: kukopa harusi, kulipa matanga. Watafiti wa uchumi wa tabia waliifikia kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1998, Drazen Prelec na George Loewenstein walieleza kwamba kutoa pesa kunauma, na maumivu hayo hukatiza raha ya ununuzi. Noti ikitoka mkononi unaiona ikienda. Mkopo husogeza maumivu hadi siku nyingine, na siku hiyo huwa umesahau ulinunua nini.

Miaka mitatu baadaye Prelec na Duncan Simester wakalipima jambo hilo. Waliwapa wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika chuo cha MIT, Marekani, nafasi ya kutaja bei ambayo wangelipia tiketi za mechi ya mpira wa kikapu zilizokwisha madukani. Nusu waliambiwa watalipa taslimu, nusu kwa kadi. Tiketi ni zile zile, lakini wa kadi walitaja bei iliyokuwa takriban mara mbili. Mwaka 2007 Brian Knutson wa Stanford na wenzake, Prelec na Loewenstein miongoni mwao, waliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakati wakiamua kununua. Bei iliyoonekana kuzidi ilichangamsha insula, sehemu ya ubongo ambayo huchangamka pia mtu anapoumia au kuchukizwa.

Ni sayansi nzuri, lakini nikiwa nimesimama pale dirishani naiona haitoshi. Wanafunzi wa MIT walikuwa wanagombania burudani. Huyu mama hajashawishika kununua unga kwa sababu kulipa hakuumi; watoto wanangoja ugali. Kinachomkosesha raha ni kalenda.

Katika Bonde hili la Ufa pesa na njaa havifuati ratiba moja. Mfanyakazi wa maua Naivasha hungoja mwisho wa mwezi. Anayepeleka maziwa kwa chama cha ushirika Njoro hupeleka kila asubuhi, malipo yakaja baadaye kwa mkupuo. Mkulima wa viazi kule Molo huona pesa msimu ukifika, na siku hiyo huenda akakuta bei imeanguka. Anayefua nguo hulipwa akiitwa. Sukari, hata hivyo, huisha kila baada ya siku mbili, ndiyo maana hununuliwa kwa robo, katika kile kinachoitwa uchumi wa kadogo. Mkopo mdogo ni daraja la kuvukia kati ya tarehe hizo. Prashant Bharadwaj, William Jack na Tavneet Suri walipoichunguza M-Shwari, ndugu mkubwa wa Fuliza aliyezaliwa Novemba 2012, waliona kwamba kaya zilizostahili mkopo huo hazikulazimika mara nyingi kama wengine kukata matumizi ya lazima zilipopatwa na msukosuko.

Lakini daraja hilo lilikuwepo kabla ya simu. Lilikuwa daftari, na halikuwa na ada. Mbona mama amelikataa?

Kwa sababu daftari lina macho. Ukiandikwa, mwenye duka anajua hali yako, na wanaopanga foleni nyuma yako wanasikia. Ukichelewa utaanza kupita barabara ya nyuma. Fuliza haimwambii mtu. Kwa mwenye duka pesa inaingia kama ya mteja mwingine yeyote. Nadhani hapa ndipo siri ya mafanikio yake ilipo: inauza heshima, na heshima ni bidhaa ambayo watu hawaombi kupunguziwa bei.

Bei yenyewe ilikuwa kali. Kwa viwango vya mwanzo, aliyefuliza kati ya shilingi 101 na 500 alitozwa 5 kwa siku, pamoja na asilimia 1 ya kuanzia. Shilingi 200 zilizokaa siku 10 zilizaa ada ya 52, zaidi ya robo ya deni lenyewe. Mwishoni mwa 2022 ada zilipunguzwa, na wa shilingi 1,000 kushuka chini wakaachiwa siku 3 bila ada ya kila siku. Hata hivyo shilingi 5 haiumi kama 52. Huletwa kidogo kidogo, kisha hukatwa pesa ikiingia, kabla mwenyewe hajaishika. Ile methali imepoteza nusu yake: matanga yapo, ila hakuna anayeitwa kulia.

Simu ya mama inatoa mlio. Anasoma, anakunja uso, anabonyeza tena. Mlio mwingine. Kiwango chake kimeisha. Alichofuliza wiki iliyopita hakijakamilika kulipwa. Anageuka kidogo kuona nani yuko nyuma yake. Naangalia mikate.

"Haya basi," anamwambia mwenye duka kwa sauti ya chini, "andika."

Daftari lilikuwa bado wazi.