Posho, Kutoka Kibaba hadi Bahasha

Posho ni malipo anayopewa mtu mbali na mshahara wake ili agharimie jambo fulani: chakula na malazi akiwa safarini kikazi, pango la nyumba, nauli, au kukaa kikaoni. Mshahara hulipia kazi. Posho humwezesha mtu kuifanya. Tofauti hiyo ni ya tangu enzi za misafara.

Asili yake ni kitenzi posha, yaani kumpa mtu chakula cha matumizi. Katika karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea wapagazi wa kulipwa. Mpagazi alipatana ujira wake kabla ya safari, na juu ya ujira huo alistahili posho kila siku njiani. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, yaani robo ya pishi, karibu robo tatu za kilo. Pasipokuwa na nafaka ya kugawa, wapagazi walikatiwa kitambaa, aghalabu merikani au kaniki, wakajinunulie chakula vijijini. Posho ilikuwa imeshaanza kufanya kazi ya fedha kabla sarafu haijazoeleka bara. Na mkuu wa msafara aliyeipunja aliwaona watu wake wakitua mizigo, au wakitoroka usiku.

Serikali za kikoloni na wenye mashamba waliirithi desturi hiyo. Kwa vibarua wengi, posho sasa ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi ratili 2 kwa siku, kwa sababu mahindi yalikuwa rahisi kununua kwa wingi na kusafirisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam, walilishwa unga huo hata kama kwao walizoea ndizi au mtama. Mara nyingi haukuiva vizuri, na kuhara damu kuliwaua wengi.

Kwa kuwa posho ilikuwa unga na malipo kwa pamoja, majirani wawili wa Afrika Mashariki wanaweza kuitaja wasielewane. Nchini Uganda ni chakula chenyewe, ule ugali mweupe ambao wanafunzi wa bweni wanaujua sana. Nchini Kenya mashine za kusagia mahindi bado huitwa kwa jina hilo, na malipo ya ziada ya kazini huitwa marupurupu. Huko Katanga, nchini Kongo, kampuni ya madini ya Union Minière iligawa chakula kwa wafanyakazi kwa wiki, na mgawo huo ukaitwa poso. Neno likasafiri hadi kwenye Kilingala, ambako mposo ni wiki.

Tanzania ndiko posho ilikogeuka fedha moja kwa moja. Mtumishi anayetumwa mkoani hulipwa posho ya kujikimu kwa kila usiku anaolala nje ya kituo chake. Mwenye cheo huweza kuwa na posho ya madaraka. Inayozungumzwa zaidi ni posho ya kikao. Semina ikikaribia kumalizika, mhasibu huingia na orodha, kila mshiriki hutafuta jina lake, husaini na kupokea bahasha. Aliyekuwa kimya tangu asubuhi naye husaini. Mwaka 2011 posho za vikao za wabunge zilizua mjadala mkali nchini: kwa nini mtu mwenye mshahara wa kuhudhuria vikao alipwe tena kwa kuhudhuria?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya makato. Kwa kanuni ya jumla, sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania huhesabu posho nyingi kuwa sehemu ya kipato cha ajira, lakini baadhi ya posho za watumishi wa serikali, kama za nyumba, usafiri na madaraka, zimesamehewa. Kwa mlipwaji ni nafuu ya leo, maana shilingi ya posho iliyosamehewa hufika mkononi nzima wakati ya mshahara hufika imekatwa. Hasara yake huonekana baadaye. Michango ya pensheni ya mtumishi wa umma hukatwa kwenye mshahara, na pensheni hukokotolewa kwa mshahara huohuo. Mwenye mshahara mdogo na posho kubwa huishi vizuri akiwa kazini, kisha akistaafu hupangiwa pensheni ya mshahara mdogo.