Mtoto Mkimya: Anafikiri au Anaumwa?

Siku moja mama mmoja wa huku Bariadi alileta mtoto mchanga kupata chanjo. Kaka wa mtoto huyo, wa miaka sita hivi, alibaki nje chini ya mti akifinyanga ng'ombe wa udongo. Mama akaniambia, "Nesi, naomba umwangalie na huyu. Anaweza kukaa hivyo nusu siku bila kusema neno. Baba yake anasema ni mjinga."

Nilimwendea kwa nyuma nikamwita kwa sauti ndogo. Aligeuka mara moja, kwa hiyo masikio yalikuwa mazima. Viganja vyake havikuwa vyeupe, na alikuwa anakula vizuri. Akanionyesha ng'ombe wake: nundu, pembe ndefu, hata kamba shingoni. Nikamwambia mama, "Huyu haumwi. Anafikiri."

Kazi ya udongo inataka utulivu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anajulikana duniani kwa kazi hiyo. Alikwenda Uingereza mwaka 1971, na baadaye akajifunza ufinyanzi kwa akina mama wa Abuja, Nigeria. Hatumii gurudumu. Hupandisha udongo kwa mikono, huukwangua, kisha huusugua kwa jiwe mpaka ung'ae. Vyungu vyake vina shingo na tumbo kama mama mjamzito, na ukivitazama unanyamaza. Vingine vimewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa haraka wala kwa kelele.

Basi, wazazi, tusimnyang'anye mtoto udongo wake kwa kuwa amenyamaza. Anajifunza kutazama, kukumbuka na kutumia vidole. Kaa karibu naye, umuulize, "Ng'ombe huyu anaitwa nani?"

Lakini uko ukimya wa ugonjwa. Mtoto aliyezoea kucheza akiacha ghafla, mpime joto kwa mkono wako na umpeleke akapimwe malaria. Akiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, mpeleke zahanati mara moja, hata usiku. Msisubiri kupambazuke. Asiyegeuka akiitwa, au anayetokwa na usaha masikioni, naye aletwe.

Kuhusu udongo wenyewe:

1. Wasichimbe wala kucheza kwenye maji ya lambo. Kuna kichocho, na watoto huzama.
2. Wachukue udongo mbali na choo, kwa sababu ya minyoo.
3. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.
4. Mtoto anayekula udongo aletwe apimwe damu na choo.

Yule mama aliondoka amembeba mchanga mgongoni. Kijana alimfuata nyuma polepole, ng'ombe wake mkononi, asije akavunjika pembe.