Makohozi ya Mchimbaji na Maabara ya Mbeya

Wapo wananchi wadhanio kuwa maabara ni chumba cha wataalamu, kisichomhusu mtu wa jembe wala wa sururu. Dhana hiyo yafaa iondolewe, na Mbeya ndipo mahali pa kuiondolea.

Mwaka 1882 Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, alitangaza mjini Berlin kuwa kifua kikuu huletwa na kijidudu. Kabla ya hapo wengi walisema ni urithi wa ukoo. Na huku kwetu wako wasemao hata leo kuwa mtu amerogwa. Kijidudu hicho kina tabia zake. Hupenda mapafu kwa kuwa yana hewa tele; mwanga wa jua hukiua; tena huongezeka polepole mno. Vijidudu vingine hujigawa kila dakika 20. Hiki huchukua saa 20 hivi. Ndiyo sababu kukiotesha katika maabara kwahitaji wiki kadhaa, joto lisilobadilika, na umeme usiokatika. (Hapo kwenye umeme msomaji wa Mbeya ataguna, nasi twamwelewa.)

Darubini peke yake haitoshi. Ili kijidudu kionekane, sharti mililita moja ya makohozi iwe na vijidudu kama 5,000 hadi 10,000. Mwenye pungufu ya hapo aweza kuambiwa hana kitu, akarudi Chunya kuchimba dhahabu, akikohoa kambini kati ya wenzake. Naye mchimbaji, vumbi la mawe huyajeruhi mapafu yake, na mapafu yaliyojeruhiwa hivyo hushindwa upesi na maradhi haya.

Kwa hiyo lilikuwa jambo kubwa utafiti wa tiba ulipoanzishwa Mbeya mwaka 1996, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani. Leo kazi hiyo ni kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Mashine iitwayo GeneXpert, itambuayo kijidudu pamoja na usugu wake kwa dawa ya rifampisini katika saa 2 hivi, ilijaribiwa hapo Mbeya. Majibu yake yalilinganishwa na ya uoteshaji, na taarifa ikachapishwa mwaka 2011.

Mashine husifiwa sana. Sisi twawasifu zaidi wagonjwa waliotoa makohozi yao, maana bila wao hapakuwa na cha kulinganisha. Tena mashine hiyo husoma hata kijidudu kilichokwisha kufa, hivyo haimwambii tabibu kama mgonjwa aliyemo katika dawa anapona. Kazi hiyo imebaki kwa darubini na kwa uoteshaji ule ule wa polepole, na kwa vijana wetu waliofunzwa kuungoja.

Msimamizi wa kazi amwonaye mtu akikohoa kwa wiki 2 na ampe ruhusa aende kupimwa, wala asimwandike mtoro. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali.